Kijana Aliyeteleza Mbele ya Wasaili

Twapenda mwezi huu kuzungumza na wazee wenzetu, na pamoja nao vijana waliomo majumbani mwao, juu ya jambo ambalo zamani halikuwa la mwalimu wa madrasa, na sasa limekuja mpaka barazani petu. Jambo lenyewe ni usaili wa kazi. Na hasa makosa anayoyafanya kijana akiwa mbele ya wasaili, na yale tunayomfanyia sisi anaporudi nyumbani.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa Kurani aliyeishia shule ya msingi ana nini cha kusema juu ya kazi za maofisini? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba vijana hawa ni wale wale waliokaa mbele yetu juu ya mkeka wakisoma alifu na bee. Wakiisha kupata vyeti vyao huenda zao. Lakini wakianguka, wengi hurejea kwa yule aliyezoea kuwasikia wakikosea.

Si zamani sana, baada ya sala ya alasiri, alitujia kijana mmoja ambaye jina lake twalisitiri. Alikuwa na stashahada ya uhasibu, na mama yake ndiye aliyemlipia ada kwa kuuza maandazi. Siku tatu kabla ya hapo aliitwa katika usaili na kampuni moja ya biashara hapa Tanga. Aliulizwa ana uzoefu gani wa kazi, akajibu kuwa amekwisha kuweka hesabu za duka la vifaa vya ujenzi kwa muda wa miaka miwili. Duka ni la mjomba wake, na kweli alifanya kazi pale, lakini kwa miezi mitatu tu, wakati wa likizo. Mmoja wa wasaili, bwana mtu mzima mwenye miwani, akamwuliza kwa upole: "Mwisho wa mwaka mlifungaje hesabu?" Kijana akanyamaza. Miezi mitatu haikuwa na mwisho wa mwaka ndani yake. Akaanza kueleza jambo asilolijua, akachanganya daftari la fedha taslimu na leja, ulimi ukamkauka, na hata yale maswali mepesi aliyoyajua tangu mwaka wa kwanza wa masomo yake hakuweza kuyajibu. Akatoka bila ya kuaga.

Nyumbani alimwambia mama yake kuwa kazi ile ilikwisha kupewa jamaa wa mkubwa wa kampuni, na kwamba usaili ulikuwa wa kuwapumbaza watu tu. Simu akaizima. Mama naye, kwa uchungu wa mwanawe, akawaeleza majirani. Na jirani mmoja akamshauri kuwa huyu mtoto amefungwa na mahasidi, afadhali apelekwe kwa mganga. Basi tazameni jinsi kosa moja la chumba kile lilivyozaa uongo wa pili, na uongo wa pili ukakaribia kuzaa shirki.

Nasi tulikosea. Kabla hatujamsikiliza hata nusu tulimwambia, "Usijali, mwanangu, riziki iko kwa Mungu." Neno ni la kweli, lakini tulilitumia kama mtu anayetandika mkeka juu ya sakafu chafu. Kijana akainamisha kichwa akasema, "Maalim, tatizo si riziki. Nimesema uongo."

Hapo ndipo tulipokumbuka kuwa dini yetu ina mlango mzima juu ya mtu anayekosea katikati ya kazi, na mlango huo tunawasomesha watoto wa miaka kumi. Ni mlango wa sijda ya kusahau. Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, alisalisha siku moja sala ya rakaa nne akatoa salamu katika rakaa ya pili. Miongoni mwa masahaba wakubwa waliokuwapo hakuna aliyethubutu kunena, akasimama bwana mmoja aliyejulikana kwa jina la Dhul-Yadayn akauliza kama sala imepunguzwa au Mtume amesahau. Mtume hakumkaripia. Aliwauliza waliokuwapo, wakamsadiki Dhul-Yadayn, akarudi akakamilisha rakaa zilizobaki, kisha akasujudu sijda mbili. Hakuna aliyeuacha msikiti kwa haya, wala hakuna aliyesema kuwa sala ile imefisidiwa na hasadi ya mtu.

Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, wanavyuoni wameyapanga yanayosahauliwa katika sala daraja tatu. Ukiacha nguzo, mathalan rukuu, sijda haitoshi. Lazima uirudie ile nguzo yenyewe. Ukiacha tahiyatu ya kwanza au kunuti ya alfajiri, hurudii, lakini unasujudu sijda ya kusahau. Na ukiacha sunna ndogo kama tasbihi za rukuu, huna la kufanya. Endelea na sala yako, na wala usijishughulishe nayo.

Tulimwambia kijana yule ayapime makosa yake kwa kipimo hiki.

Kusema miaka miwili badala ya miezi mitatu ni kuharibu nguzo. Hapa hapana sijda. Hapana budi kurudi. Na wakati bora wa kurudi ni pale pale chumbani, kabla swali la pili halijaulizwa: "Naomba radhi, nirekebishe nililolisema. Ilikuwa miezi mitatu, na sikupata kufunga hesabu za mwaka. Lakini katika miezi hiyo nilifanya kazi hii na hii." Tukamwuliza, "Je, katika miezi hiyo ulifanya nini hasa?" Akatueleza kuwa kila Jumamosi alihesabu mali yote iliyomo dukani, mabati, misumari na saruji, akailinganisha na daftari, na kwamba alilikuta daftari la wadeni limevurugika, akaliandika upya, hata mjomba wake akapata kuwadai watu aliokuwa amekwisha kuwasahau. Tulistaajabu. Mfanyabiashara gani asiyemtaka kijana wa namna hii? Ukweli wake ulikuwa na thamani kubwa, naye akaufukia chini ya uongo usiomfaa.

Kukauka ulimi na kuchanganya daftari na leja ni kosa la daraja ya pili. Lina dawa yake, na dawa yenyewe ni fupi: "Nimechanganya, naomba nianze upya jibu langu." Au swali likiwa halikueleweka: "Tafadhali naomba urudie swali." Wasaili ni watu, nao walipata kutetemeka siku zao. Hawaoni aibu kumngoja mtu anayejirekebisha; wanachokiogopa ni yule anayekosea na asijue, au anayejua akaendelea kwa ushupavu.

Ama kuangusha kalamu, kukohoa, au kusema "asubuhi" ilhali ni mchana, hayo ni ya daraja ya tatu. Yaache. Kuna vijana wanaoomba radhi mara kumi kwa jambo lisilostahili hata mara moja, na kwa kufanya hivyo humlazimisha msaili kulitazama.

Lakini yeye alikuwa amekwisha kutoka. Tulimshauri aandike barua fupi kwa kampuni ile: awashukuru kwa kumwita, aseme wazi kuwa muda wa kazi alioutaja haukuwa sahihi na muda wa kweli ni kadha, kisha aishie hapo bila ya kulia wala kujitetea. Aliandika mistari minne, tukaisoma pamoja, akaipeleka kwa mkono wake. Kampuni haikumjibu mpaka leo. Hatukumwahidi kuwa itamjibu. Kisha akaenda kwa mama yake, na hilo, kwa maneno yake mwenyewe, lilikuwa zito kuliko barua.

Baadhi ya wazee wataona tumelikuza jambo dogo, kwa kuwa kila mtu siku hizi huongeza chumvi katika maelezo yake ya kazi. Kwa hao twakumbusha ya mwaka 2017. Serikali ya Tanzania ilihakiki vyeti vya watumishi wa umma, na mwezi wa Aprili mwaka huo ikatangazwa kuwa watumishi 9,932 wameonekana na vyeti vya kughushi. Wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi, wana nyumba za mkopo na watoto shuleni. Mwaka 2022 serikali ilikubali warejeshewe michango yao waliyokatwa kwa ajili ya mifuko ya hifadhi, na hiyo ilikuwa huruma. Lakini kazi hawakurudishiwa, na heshima mbele ya watoto wao hakuna mfuko wowote unaoirejesha. Kila mmoja katika hao alianza na karatasi moja, siku moja, na pengine mzazi aliyejua akanyamaza.

Na kwa kuwa tumetaja karatasi, liko jambo linalowahusu Waislamu kuliko wengine, nalo si uongo bali ni uzembe wetu sisi wazazi. Mtoto alipozaliwa tuliandika Mohamedi; shuleni akaandikwa Mohamed; kwenye kitambulisho cha taifa akawa Muhammad. Binti ni Hadija kwenye cheti cha kuzaliwa na Khadija kwenye cheti cha kidato cha nne. Jina la babu limo huku, kule halimo. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutangaza wazi kila inapowaita watu katika usaili kuwa anayetofautiana majina katika nyaraka zake aje na hati ya kisheria inayothibitisha kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja. Hati hiyo hutayarishwa na wakili na kusajiliwa; haipatikani asubuhi ya usaili. Kadhalika hutaka vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita, na hati za matokeo hazikubaliwi badala ya vyeti. Wapo vijana waliopanda basi kwenda Dodoma, wamekopa nauli, wakarudishwa mlangoni kwa herufi mbili za jina. Mzazi unayesoma haya, leo hii vitoe vyeti vya wanao sandukuni uviweke pamoja uvisome.

Na ndugu zetu waliosoma Madina, Al-Azhar au Khartoum wasidhani kuwa shahada yao itajieleza yenyewe. Shahada za nje hupelekwa kwanza Tume ya Vyuo Vikuu ikazitambue, na vyeti vya sekondari vya nje hupelekwa Baraza la Mitihani. Hili si dharau kwa elimu ya dini, kwa sababu aliyesoma London naye hupitia mlango huo huo.

Tutazame kisa cha Nabii Yusufu, amani imshukie. Mfalme alipomwita kutoka gerezani hakukimbilia nje. Alimrudisha mjumbe na kutaka kwanza lichunguzwe lile jambo la wanawake alilosingiziwa, mpaka ikabainika kuwa hana hatia. Baada ya hapo ndipo alipofika mbele ya mfalme na kuomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja sifa mbili tu alizonazo, uhifadhi na ujuzi. Hakujisifu kwa nasaba, naye ni mtoto wa Mitume, wala hakutaja uzuri wake. Alitaja yanayohitajika na kazi yenyewe. Wako wanaotuuliza: je, Mtume (S.A.W.) hakukataza mtu kuomba uongozi? Amekataza kweli, na Abu Dharri alipoomba, Mtume alimweleza kwa mapenzi kuwa yeye ni dhaifu kwa jambo hilo na kwamba hiyo ni amana. Wanavyuoni wameyakusanya mawili haya wakasema kuwa katazo ni kwa mwenye tamaa au asiye na uwezo, na Yusufu ni hoja kwa mwenye uwezo anayekusudia kufaa watu. Nasi twaongeza kuwa Abu Dharri alikataliwa na akabaki kuwa Abu Dharri, sahaba mtukufu. Kukataliwa kazi moja hakumpunguzii mtu daraja yake.

Kijana mwingine alituuliza afanye nini akiulizwa asilolijua kabisa. Hapa twapenda kumtaja Muadhi bin Jabali alipotumwa Yemen. Imepokewa katika Abu Daudi na Tirmidhi (na wanavyuoni wa hadithi wamezungumza juu ya isnadi yake, ingawa mafakihi wengi wameitumia) kuwa Mtume alimwuliza atahukumu kwa nini, akajibu kwa Kitabu cha Mungu. Akaulizwa, na usipokuta humo? Akajibu kwa Sunna. Na usipokuta humo? Akajibu kuwa atajitahidi kwa rai yake. Angalieni namna ya maswali yale. Muadhi alikuwa katika wanaojua zaidi halali na haramu, lakini hakuulizwa mambo mangapi anayajua. Aliulizwa atafanya nini pale ujuzi wake utakapokoma. Basi neno "sijui" si aibu likifuatiwa na njia: "Hili sijalifanya, ningelitazama katika kanuni za ofisi, na nisipolikuta ningemwuliza aliye juu yangu kabla ya kuandika chochote." Msaili akisikia hivyo hujua kuwa fedha zake zitakuwa salama.

Lipo jambo zito ambalo hatutalikwepa. Vijana wetu wengi wakikosa kazi husema, "Ni kwa sababu ya jina langu," au "Wamepeana wao kwa wao." Hatusemi kuwa upendeleo haupo duniani. Upo, na mwenye ushahidi na adai haki yake kwa njia za sheria. Lakini twamwomba kijana, kabla hajalitamka neno hilo mbele ya wadogo zake, ajiulize kama alifika kwa wakati, kama alijibu alichoulizwa, kama alisema kweli. Kwani wadogo zake wakilisikia kila siku wataacha kusoma, na dhambi ya hilo itakuwa juu ya nani? Pia upo utaratibu ambao wengi hawaujui: katika ajira za serikali kuna waliofaulu usaili wa mahojiano na wasipate nafasi siku ile, majina yao yakawekwa katika kanzidata, na baadaye nafasi zilipotokea wakaitwa. Kukosa kuona jina lako leo si lazima iwe umeanguka.

Sisi wenyewe tumepata kukaa upande wa pili wa meza. Kamati ya madrasa yetu ilikuwa ikitafuta mwalimu msaidizi, wakaja wawili. Wa kwanza alikuwa na sauti iliyotuliza moyo, lakini alichelewa karibu saa nzima, akasema basi, na alipokuwa akisoma mzee mmoja alimrekebisha mahali pa kuvuta mada, akabisha. Wa pili sauti yake ilikuwa ya kawaida. Akakosea aya katikati, akasita, akasema, "Nimekosea, naomba nirejee," akarejea akasoma sawasawa. Tulipobaki peke yetu hakuna aliyeuliza nani anasoma vizuri zaidi. Mzee yule alisema, "Watoto watakosea kila siku. Nataka mtu anayejua kurejea." Yuko nasi mpaka leo.

Ama adabu ndogo ndogo, nyingi zinajulikana, nasi hatutazirefusha. Fika mjini siku moja kabla, ulale, usali alfajiri yako, ule chochote. Nguo iwe safi na iliyopigwa pasi; haihitaji kuwa ghali. Wasalimie wasaili kwa maamkizi ya nchi, maana hujui nani ni nani. Akikunyoshea mkono usiyemgusa kwa sababu ya dini, weka mkono wako kifuani, inama kidogo na utabasamu. Usirudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka. Binti anayeziba uso na ambaye kitambulisho chake kinataka kutazamwa aombe mapema, kwa heshima, atazamwe na mwanamke. Na simu! Kijana mmoja wa mtaani petu simu yake iliadhini adhuhuri katikati ya usaili, naye akaogopa kuikata adhana, wakaisikiliza wote mpaka mwisho. Mwanangu, ile ni mashine. Izime kabla hujaingia, wala hutaandikiwa dhambi.

Tangu kisa cha yule kijana, tumeweka desturi. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa baada ya isha, hutolewa meza moja na viti vitatu katika chumba cha nyuma cha madrasa. Mabwana wawili wa msikitini kwetu, wastaafu wa serikali, hukaa upande mmoja. Na Jumamosi baada ya alasiri hukaa mwalimu mmoja wa kike na mabinti. Maswali huulizwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwani huko nako wengi huteleza. Sisi kazi yetu ni moja tu: kijana akikosea, hatumwachi aondoke mpaka arejee pale alipokosea na kupasahihisha kwa kinywa chake. Na anayerudi kutoka katika usaili wa kweli huandika usiku ule ule maswali yaliyomshinda, kabla hajayasahau au kuyabadilisha. Tumekatazana kumsifu mtu kupita kiasi na tumekatazana kumfokea. Mama mmoja alitaka kumjibia bintiye maswali, tukamwomba kwa adabu akatungojee barazani.

Yule kijana wa hesabu aliitwa tena mahali pengine mwezi uliopita. Alipoulizwa uzoefu wake alisema miezi mitatu, akaeleza habari za misumari na daftari la wadeni. Kisha akaulizwa swali la kodi, akaanza vibaya, akasimama, akaomba kuanza upya. Alipotoka hakuzima simu. Alitupigia kabla hajapanda basi, atusomee maswali yaliyomshinda. Yalikuwa mawili. Majina ya watakaochukuliwa bado hayajatoka.